Geuza Upande wa Pili

Uyole, Jumamosi usiku. Baridi ya Julai huku kwetu haipigi hodi. Jua likishazama tu, imeshaingia ndani na kuchagua kiti kizuri. Mama kasogeza jiko la mkaa sebuleni, kaacha mlango wazi kidogo ili hewa ipite, na ndizi mbalaga zilizotoka Tukuyu asubuhi zinachemka hapohapo mbele yetu. Nimekuja nyumbani wiki moja, nikasema nitapumzika. Badala yake nimeshinda mchana kutwa natafuta betri kubwa, zile za tochi ya mlinzi, duka hadi duka, kwa sababu baba kaamua leo lazima tupige santuri.

Mashine yenyewe ni Philips ya kubeba mkononi, kifuniko chake ndicho spika. Baba aliinunua miaka ya sabini alipokuwa dereva wa malori ya Zambia, Dar hadi Ndola na kurudi, Kitonga anaishuka kwa gia nzito na sala. Santuri zilizobaki ni kumi na moja. Kuna zilizopinda kwa jua kwenye dashibodi, na kuna alizoazima mjomba asirudishe. (Mjomba, kama unasoma hapa, shikamoo, na tunakumbuka.)

Kumi ni za bendi zetu na za Kongo. Ya kumi na moja ni ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza: "Bohemian Rhapsody" upande mmoja, "I'm in Love with My Car" upande wa pili. Tundu lake la katikati ni kubwa kuliko pini ya mashine, kwa hiyo baba alichonga kizibo cha mti, akakitoboa, na kizibo hicho kinakaa ndani ya jalada la santuri kama mbegu ndani ya parachichi. Juu ya mkono wa sindano kuna sumni, ile sarafu ya senti hamsini, imebandikwa kwa gundi, sungura wake anatazama juu. Bila sumni ile sindano inarukaruka. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sehemu ya mashine, imetoka nayo kiwandani.

Sasa, ili uelewe baba alivyoisikia santuri hii mara ya kwanza, lazima ujue santuri zetu zilivyokuwa. Ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja unabeba kama dakika tatu au nne. Wimbo wa dansi wa huku hautoshi humo. Kwa hiyo mara nyingi waliukata katikati: upande wa kwanza Sehemu ya Kwanza, ukigeuza Sehemu ya Pili. Ya kwanza ni maneno, mwanamke kaondoka, walimwengu wabaya. Magitaa yakianza tu kushikana, sauti inafifia kama mtu anayekufungia mlango polepole. Unainuka, unageuza. Huko ndiko kwenye chemko, ndiko watu walikokuwa wanachezea. Mtu aliyeishia upande wa kwanza kapokea salamu, chakula hajala.

Hiyo ya Queen, baba anasema hakuichagua. Aliingia dukani Ndola kutafuta rumba, muuzaji akawa kijana wa suruali pana na nywele hizi hapa. Vijana wa Zambia miaka ile walishikwa na roki kwelikweli. Walikuwa na bendi zao, mojawapo ikiitwa WITCH, kifupi cha maneno yenye maana ya "tumekusudia kuleta ghasia". Basi yule kijana akamwambia baba, chukua hii, utanishukuru. Baba akachukua, hasa kwa sababu alikuwa hajui kukataa kwa Kibemba.

Kafika Mbeya, kapiga upande wa kwanza. Piano, mtu analia kwa mama yake, anasema kaua. Kisha kwaya inaingia na kelele za kubishana, wengine wanasema mwachie, wengine wanakataa. Kisha magitaa yanafoka. Kisha kimya, na gongo moja. Dakika karibu sita. Baba, kama mtu yeyote mwenye akili timamu wa Afrika Mashariki, akainuka akageuza kusikiliza Sehemu ya Pili.

Akakuta gari.

Ngoma nzito, sauti ya mwanamume mwingine, ya mikwaruzo, inaimba mambo ya gari, na kuelekea mwisho injini yenyewe inanguruma. Kiingereza cha baba kilikuwa cha mipakani: mzigo, karatasi, afisa, naomba kupita. Lakini "mama" alilisikia, "kuua" alilisikia, na "gari" halikuhitaji mkalimani. Akaunganisha. Kijana kaua mtu, kalia kwa mamaye, kafikishwa mbele ya baraza, watu wakagawanyika. Geuza upande wa pili, kijana kapata gari, kaondoka. Kwa miaka arobaini na kitu, kwa baba huo umekuwa wimbo mmoja. Na mimi nilikua nikiujua hivyo. Nilipousikia kwenye redio shuleni, ukaishia kwenye gongo, nikangoja. Mtangazaji akaanza kusoma matangazo. Nilikasirika kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Leo, simu mkononi, nikajifanya mjuaji. Nikamwambia baba hizo ni nyimbo mbili, za watu wawili. Ule wa kwanza ni wa Freddie Mercury, mwimbaji wao mkuu. Wa pili ni wa Roger Taylor, mpiga ngoma, aliyeutunga na kuuimba mwenyewe, na injini ile ni ya Alfa Romeo yake. Inasimuliwa kwamba alijifungia kabatini hadi wenzake wakubali wimbo wake ukae upande wa pili. Si wivu wa sifa tu. Santuri ikinunuliwa, mtunzi wa upande wa pili analipwa mrabaha sawa na wa upande wa kwanza, hata kama mnunuzi hakugeuza. Ule wa kwanza ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa, kuanzia mwishoni mwa 1975. Hesabu mwenyewe gari la Taylor lilivyobebwa.

Baba akafikiri kidogo.

"Yaani utingo kalipwa sawa na dereva."

"Ndiyo, baba."

"Na dereva hakununa?"

Bendi ilinuna. Habari za nani katunga nini na nani anakula nini ziliwasumbua miaka mingi, mpaka albamu ya 1989 walipoamua nyimbo zote ziandikwe jina la Queen, wote wanne kwa pamoja. Baba akasema hilo wangelifanya tangu siku ya kwanza, hata kwenye lori chakula cha njiani ni kimoja.

Alipotaja utingo akamkumbuka wake, kijana wa Tanga aliyesafiri naye miaka mitatu. Wakilala hapa Mbeya walipiga santuri hii, na kila walipofika pale kwaya inapotamka "Bismillah" kijana anainua kidole: huyu mtu wa Pwani huyu. Baba anambishia, wapi, mzungu huyo. Walibishana kutoka Makambako mpaka Mikumi. Habari za Mercury zilimfikia baba miaka mingi baadaye, kwenye gazeti lililofungia nyama: kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi, watu wa India wenye asili ya Uajemi, familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kufikia hapo yule kijana wa Tanga hakujulikana tena aliko. Baba bado ana deni la kukubali kushindwa, na hana wa kumlipa.

Mama, ambaye ni kwaya ya Moravian tangu usichana wake, alikuwa kimya mpaka nilipotaja kwamba kwaya yote ile ni watu watatu tu, Mercury, Taylor na mpiga gitaa Brian May, wakirekodi sauti zao juu ya sauti zao tena na tena.

"Watatu?"

"Watatu, mama."

"Sisi tuko thelathini na hatufiki hapo." Akageuza ndizi kwa mwiko. "Mimi nilikuwa nasikia anaita mama, basi. Nilikuwa napenda upande huo. Baba yako ndiye alikuwa anakimbilia kugeuza."

Kwa nini alikimbilia, nadhani sasa najua sababu mojawapo, na haina ushairi wowote. Ukibana dakika sita kwenye upande wa santuri ndogo, mifereji inakaribiana, na fundi anayeikata analazimika kupunguza nguvu ya sauti ili sindano isivuke mfereji. Upande wenye dakika tatu una nafasi ya kujitanua. Kwenye spika ya kifuniko cha plastiki, upande wa Mercury unasikika kama jirani anaimba bafuni. Upande wa Taylor unatikisa vikombe. Leo nimehakikisha. Vikombe vilitikisika.

Nikaendelea kusoma maneno ya wimbo wa gari kwenye simu, nikiwatafsiria. Hapo ningejinyamazia. Jamaa anasema kamwambia mpenzi wake itabidi amsahau, afadhali anunue kabureta mpya.

Mwiko ukasimama.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia.

Hadithi ya kabureta nyumbani kwetu wote tunaijua na hatuisemi. Baba alipoacha malori alinunua Pijo 404, pikapu, kuukuu, ya kubebea ndizi kutoka Tukuyu kuja Mwanjelwa. Ikamfia Isongole na mzigo mzima, kwenye baridi ile inayokata masikio. Nyumbani mama alikuwa ameweka fedha za mabati kwenye kopo la kahawa, miaka miwili anaweka. Asubuhi kopo lilikuwa jepesi. Nyasi zikakaa juu yetu misimu mingine mitatu ya mvua, na mvua za huku si za mchezo.

"Kabureta ile ndiyo iliyomsomesha huyu," baba akasema, akininyooshea kidole bila kuniangalia.

"Sijasema kitu."

Ni kweli hakuwa amesema kitu. Akaipua ndizi, akatutengea. Tukala. Nami, kubadilisha hewa, nikawaambia kwamba Mercury alipofariki, Novemba 1991, santuri ile ilitolewa upya, ikashika namba moja tena, fedha zikaenda kwa shirika la kusaidia wenye UKIMWI. Ila safari hiyo upande wa pili waliweka wimbo mwingine, "These Are the Days of Our Lives". Gari halikuwemo.

Baba akaacha kutafuna. "Sasa yule kijana katorokaje?"

Nikaanza kumkumbusha kwamba nimeshamweleza, ni nyimbo mbili. Akainua mkono, nikanyamaza. Akageuza santuri mwenyewe, akapachika kizibo, akapuliza vumbi kwenye sindano, akashusha mkono wenye sungura taratibu kuliko alivyowahi kumshika mtoto yeyote wa nyumba hii.

Mwishoni, pale injini inapoanza, santuri ina mchubuko. Tangu zamani sindano ikifika hapo inaruka, inaangukia kwenye karatasi ya katikati, inabaki kukwaruza. Kwa hiyo injini yote sijawahi kuisikia kwenye santuri hii. Ninayoijua ni ya baba. Leo pia sindano iliruka, na baba akaichukua kwa mdomo, midomo inatetemeka, mkono wa kushoto umeshika gia ya pembeni mwa usukani ambayo haipo, anapanda kutoka Kiwira kuja Isongole, ya kwanza, ya pili.

"Hiyo umeingiza bila klachi," mama akasema, anakusanya sahani.