Nilivyoutoa mshahara wangu wa Dar nikiwa Bangkok

Mtumishi wa umma akipewa ruhusa ya kwenda kusoma nje, mshahara wake huendelea kuingia kwenye akaunti ya nyumbani. Ni jambo la kushukuru sana, ila akaunti inabaki Dar es Salaam na tumbo linakuwa Bangkok. Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali. Nilikwenda Thailand mwaka 2023 kusomea magonjwa ya kitropiki, na chuo chetu kiko barabara ya Ratchawithi, mwendo mfupi kutoka Victory Monument. Mfadhili alilipa ada moja kwa moja chuoni. Pango, chakula na nauli vilinitegemea mimi na huo mshahara.

Wanaonifuata kusoma huko huwa wananiuliza jambo hili kuliko hata masomo yenyewe, ndiyo maana nimeamua kuliandika lote.

Kwanza, kwa nini fedha taslimu? Wathai wenyewe siku hizi hawazishiki sana. Muuza wali wa kuku ana karatasi yenye msimbo wa QR, mteja anaelekeza simu, pesa imefika. Mfumo huo unaitwa PromptPay, na ili uutumie kwa raha unahitaji akaunti ya benki ya Thailand. Kadi ya kutoka nje inapokelewa kwenye maduka makubwa na hospitali, lakini si kwa mama wa kibanda cha chakula, wala kwa dereva wa pikipiki mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, wala kwa anayekufulia nguo. Mama mwenye nyumba niliyopanga alitaka amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele, ndio utaratibu wa vyumba vingi kule. Kwa hiyo unahitaji baht, yaani fedha ya Thailand, nyingi zaidi katika siku zako za mwanzo kabisa, wakati hata mitaa hujaijua.

Njia iliyo karibu ni ATM. Ziko kila kona, na karibu zote zinakubali kadi za Visa na Mastercard. Unaingiza namba ya siri, unataja kiasi, halafu kabla pesa haijatoka skrini inakuambia kwamba kwa kadi ya nje utakatwa ada, ambayo mwaka 2023 ilikuwa baht 220. Ukikubali unaendelea, ukikataa kadi inarudi. Wakati ule baht moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 70 na kitu, kwa hiyo hizo 220 ni zaidi ya shilingi 15,000 kwa kila kutoa. Na ada hiyo haijali umetoa kiasi gani. Ukitoa baht 2,000 umepoteza asilimia 11 papo hapo. Ukitoa 20,000, makato yaleyale yanakuwa asilimia 1.1. Niliposhika hesabu hiyo tu, tabia niliyokuwa nayo Dar ya kupita kwenye ATM kuchukua kidogo kidogo niliiacha uwanja wa ndege.

Kiwango cha juu kwa mara moja kinatofautiana kati ya benki na benki: nyingine 20,000, nyingine hadi 30,000. Inafaa kuulizia kwa wenzako wa chuo ni mashine gani inayotoa zaidi, kwa sababu ada ni ileile. Jambo jingine dogo lakini lina maana kila siku: nilikuwa natoa 19,900 badala ya 20,000, ili nipate na noti ndogo. Noti ya 1,000 asubuhi kwa muuza uji inamtesa yeye na wewe.

Hizo baht 220 unaziona kwa macho. Makato mengine huyaoni. Benki ya nyumbani ina ada yake kwa kila muamala wa nje, halafu kuna ubadilishaji wenyewe. Kwangu baht iligeuzwa kuwa dola, dola ikageuzwa kuwa shilingi, na kila hatua ina kiwango chake na mtu wake anayekula hapo katikati. Nikawa na daftari. Kila nikitoa pesa naandika shilingi zilizotoka kwenye akaunti na baht nilizozishika mkononi, kisha nagawanya. Nikaacha kushughulika na ada moja moja kama zilivyotajwa kwenye tovuti za benki. Swali likabaki moja: shilingi zangu zimenunua baht ngapi leo? Njia mbili zenye maelezo tofauti kabisa unaweza kuzilinganisha kwa mstari mmoja wa hesabu. Kwa mfano, kama ubao wa soko unasema dola moja ni baht 35, na wewe baada ya makato yote umeshika 33.9 kwa kila dola, umeacha njiani zaidi kidogo ya asilimia 3. Kwa mshahara wa mtumishi, hiyo ni nauli ya wiki.

Mwaka 2023 ulikuwa na uzito wake wa ziada. Dola zilikuwa adimu Tanzania, kila mfanyabiashara anaukumbuka msimu ule, na benki yangu ilipunguza kiasi ambacho kadi ya akaunti ya shilingi inaweza kutumia nje. Kiasi kilichoruhusiwa hakikufikia amana ya chumba. Ilibidi niandike barua tawini kwangu, niambatishe barua ya chuo na mkataba wa pango, niombe nifunguliwe akaunti ya dola na kadi yake, na shilingi zihamishiwe humo kila dola zinapopatikana. Ilichukua muda na uvumilivu, lakini barua ya chuo ilifungua milango ambayo maneno matupu hayakuifungua. Beba nakala zake nyingi.

Kadi ya dola ilileta jambo jipya kwenye skrini. Baada ya kukubali ada ya 220, mashine inakuja na ukurasa wa pili: "tutakukata dola kadhaa kwa kiwango hiki, unakubali?" Inaonekana kama huduma nzuri, unajua kabisa kitakachotoka. Lakini kiwango hicho kimewekwa na wenye mashine, na nilipokipigia hesabu kwenye daftari kilikuwa kibaya kwa asilimia kadhaa kuliko kile cha mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Bonyeza kitufe cha kukataa ubadilishaji. Wengi wanaogopa kwamba wakikataa muamala utafutika. Haufutiki, pesa inatoka vilevile, ila unakatwa kwa baht, na ubadilishaji unafanyika upande wa kadi yako. Nimewaeleza hili wanafunzi kutoka Kenya, Uganda na Malawi, na kila mara naona uso wa mtu ukikumbuka ni kitufe kipi amekuwa akibonyeza. Mtego huohuo uko kwenye mashine za kulipia madukani: ukiulizwa baht au dola, sema baht.

Kuna wiki kadi ilifungwa. Mfumo wa usalama wa benki uliona muamala mkubwa kutoka Asia ukaizuia. Kuifungua kulihitaji kupiga simu, na hapo tofauti ya saa inaingia kazini: Thailand iko saa nne mbele yetu. Benki ya Dar ikifungua saa mbili na nusu asubuhi, Bangkok ni saa sita na nusu mchana, katikati ya vipindi. Halafu wanatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Tanzania. Nashukuru laini yangu ilikuwa hai kwenye simu ya pili, na dada yangu alikuwa ananirushia vocha ili isifungwe. Laini ya nyumbani ikifa, hutaweza kuthibitisha lolote benki, na akaunti yenyewe inakuwa haifikiki. Hili nalisisitiza kwa kila anayeondoka.

Wakati kadi imefungwa, dada ndiye aliyeniokoa kwa kunitumia pesa kupitia Western Union. Alinipigia kwanza: "Mdogo wangu, jina lako limeandikwaje kwenye pasi? Nisomee herufi kwa herufi." Alikuwa na akili sana kuuliza hivyo. Sisi tuna majina matatu na nyumbani tunayapanga tunavyotaka, lakini kaunta ya Bangkok inataka yafuatane na pasipoti. Nilikwenda na pasipoti na namba ya tarakimu 10 aliyonitumia, nikajaza fomu, nikapewa baht palepale. Kwa gharama si njia ya kila mwezi, kwa sababu mbali na ada, kiwango chao cha kubadilisha kiko chini. Kwa dharura, sijaona inayoishinda kwa haraka.

Njia ya tatu nilifundishwa na kaka mmoja wa Arusha anayeuza vito mtaa wa Mahesak, pale Silom, na ambaye kila mwisho wa wiki hushuka Chanthaburi kwenye soko la mawe. Wafanyabiashara wa vito wa Tanzania wako Thailand miaka mingi, wanapeleka spinel ya Mahenge na tanzanite ya Mererani, na hakuna anayejua kubadilisha dola kama wao. Aliniambia: ukija, au mtu akija, njoo na noti za dola 100, mpya, safi, zisizo na muhuri wala mkunjo mbaya. Maduka ya kubadilisha fedha ya Bangkok yana viwango tofauti kwa noti tofauti. Mia zinapata kiwango cha juu. Ishirini, tano na moja zinapata cha chini. Noti iliyochanika au kuandikwa kalamu wanaweza kuikataa kabisa.

Mahali pa kubadilishia pana maana kubwa kuliko nilivyodhani. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, kaunta za benki unazokutana nazo ukitoka tu zina kiwango kibaya. Shuka hadi chini kabisa, kwenye treni inayokwenda mjini, utakuta maduka madogo yenye kiwango kinachokaribia cha mjini. Ukishafika mjini, maeneo ya Pratunam na Ratchadamri ndiko ushindani uliko. Maduka ya SuperRich, ya kijani na ya rangi ya chungwa, yako huko na yana ubao wa viwango unaoweza kuusoma ukiwa mlangoni. Wanataka pasipoti halisi. Shilingi yetu sikuiona kwenye ubao wowote, kwa hiyo usibebe shilingi ukitegemea kuzibadilisha kule. Kwenye daftari langu, noti safi za mia zilizobadilishwa Ratchadamri ziliishinda ATM kila mara. Tatizo lake ni kwamba lazima awepo mtu anayesafiri, na kubeba fedha nyingi mfukoni ni jambo la kumwombea mtu dua.

Iliyonituliza ni akaunti ya Thailand. Tawi la kwanza lilikataa, wakasema wageni hawafunguliwi. Mwalimu wangu msimamizi akaniambia nisibishane, niende tawi lililo karibu na chuo ambalo limezoea wanafunzi. Nikaenda na pasipoti yenye visa ya masomo, barua ya chuo inayotaja anuani yangu, na namba ya simu ya Thailand iliyosajiliwa kwa jina langu. Nikatoka na kitabu cha benki, kadi, na programu kwenye simu. Siku hizi mabenki yamekaza zaidi kwa sababu ya akaunti zinazokodishwa na matapeli, kwa hiyo barua yenye muhuri ni ya lazima, na ukikataliwa tawi moja jaribu jingine.

Baada ya hapo nikaanza kuhamisha kutoka akaunti yangu ya dola Dar kwenda Bangkok. Benki za Thailand kwa kawaida hukata asilimia 0.25 ya kiasi kinachoingia kutoka nje, si chini ya baht 200 na si zaidi ya 500. Maana yake, kupokea dola 1,000 kulinigharimu baht 200, pungufu ya kutoa mara moja tu kwenye ATM. Uzito uko upande wa kutuma: benki ya nyumbani ina ada isiyobadilika, na benki ya katikati, ile ambayo pesa hupitia kati ya benki yako na ya Thailand, inaweza kung'ata njiani kama hukuchagua gharama zote zibebwe na mtumaji. Ndiyo maana nilikusanya mishahara ya miezi kadhaa nikatuma kwa mkupuo. Na nilituma dola, sikuomba benki ya nyumbani inigeuzie baht, kwa kuwa benki za Bangkok hutangaza viwango vyao hadharani kila siku na vilikuwa bora.

Ikishaingia, unalipa kwa QR kama mwenyeji, au unatoa kwenye ATM ya benki yako bila zile 220. Kuhamisha kwa programu ya simu ndani ya Thailand hakuna makato tangu 2018. Nilimlipa mama mwenye nyumba kwa simu, akafurahi kuliko alivyofurahia noti zangu.

Jambo la kodi lipo pia. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mtu anayekaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka anaweza kutozwa kodi kwa mapato ya nje anayoyaingiza nchini. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni ndiyo ya kuuliza, na uulize kabla ya kutuma kiasi kikubwa.

Kama unaondoka mwezi ujao, nenda tawini kwako wiki hii. Waambie unasafiri na kadi ifunguliwe matumizi ya nje, uulize kikomo cha siku kwa dola, ufungue akaunti ya dola ukiwa bado unaweza kusaini mwenyewe, na uangalie tarehe ya mwisho ya kadi, kwa sababu kadi mpya mara nyingi inataka uifuate mwenyewe kaunta. Chukua jina na barua pepe ya ofisa mmoja pale tawini. Wa kwangu alikuwa mama mtaratibu sana, na barua pepe zangu za saa sita na nusu mchana za Bangkok alizijibu kabla hajaanza foleni ya asubuhi.