Namba ya Mzee na gambuti la migombani

Baba yangu alipokuwa anafuatiliwa baada ya kansa ya utumbo mpana kwa CEA, protini inayopimwa kwenye damu, jirani yangu anayejua kila kitu aliniambia, "CEA ikiwa chini ya tano, mzee kapona; ikizidi, kansa imerudi." Nikamwamini. Sentensi hiyo moja ilininyima usingizi wiki tatu.

Baba alikatwa kipande cha utumbo mpana Moshi, mwaka juzi. Kabla ya kisu CEA ilikuwa 18. Wiki ya sita baada ya upasuaji ikasoma 2.9. Daktari alifurahi kuliko sisi. Akasema imepanda na uvimbe, imeshuka na uvimbe, basi tumepata cha kumfuatilia nacho. Wapo wagonjwa ambao haipandi kabisa na kansa wanayo. Tupime kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita mpaka mwaka wa tano.

Tarehe ikafika Mzee yuko kwangu Ngaramtoni, kaja kuona wajukuu. Nikajifanya mjanja: ya nini kumrudisha Moshi, kilomita themanini, wakati Arusha maabara zimejaa? Karatasi ikatoka 5.6, na kinyota pembeni. Kabla chai haijapoa, dada wa Dar keshafungua kundi la michango WhatsApp, shangazi keshaanza kulia.

Nikampigia daktari. Hakuuliza namba, aliuliza mashine. Kumbe damu ile ile, mashine mbili tofauti, inaweza kutoa majibu mawili. "Rudini mlikopimia mwanzo."

Moshi ikasoma 4.4. Afadhali, ila si 2.9.

"Mzee, unavuta?"

"Niliacha zamani, daktari."

Na mimi pembeni natikisa kichwa kama shahidi!

Jioni, nyumbani Kibosho, nikaenda migombani kutafuta panga. Nikainua gambuti la Mzee, likalia chakachaka. Ndani: nusu pakiti ya sigara, kiberiti, na pipi za minti za kuua harufu. Amekuja nyuma yangu taratibu. "Mwanangu, ni moja moja tu. Ya kuondoa wasiwasi wa hivyo vipimo."

Wavutaji CEA yao huwa juu kidogo hata bila kansa. Mzee alikuwa anaipandisha kwa kuiogopa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliacha, safari hii mama akiwa mlinzi, na kipimo kilichofuata kikasoma 3.0.

Nilichofanya vizuri ni kuulizia kile kinyama cha uvimbe uliokatwa, ambacho maabara hukihifadhi kwenye nta. Usikubali kikae kabatini tu. Kilipimwa protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Gharama laki kadhaa, risiti sijui iko wapi. Zote zipo. Ingekosekana mojawapo, dawa zingepangwa kivingine, na sisi watoto huenda tungeitwa kuchunguzwa, maana kuna kansa ya aina hiyo inayorithiwa. Kaka alipumua kwa sauti.

Sasa nina daftari: tarehe, namba, maabara ile ile. Zamu nyingine ni Jumanne. Gambuti nimeshalikagua.