Tone la Maziwa

Nilipoanza kumhudumia bibi mmoja wa Kiyahudi kule Brooklyn, nilijipa moyo kwamba jikoni sitapata shida. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nguruwe situmii, na nyama isiyochinjwa kisheria siigusi. Kumbe kosheri, sheria ya Kiyahudi ya vyakula, ina mlango mwingine nisioujua: nyama na maziwa havikutani. Torati yenyewe imekataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Na mimi nimelelewa kwa biriani, nyama ikilazwa kwenye mtindi usiku kucha!

Kwa bibi, nyama ilikuwa na sufuria zake, vijiko vyake, sinki lake, maziwa vilevile. Akila kuku, alisubiri muda wa saa sita ndipo anywe chai ya maziwa. Mayai nilivunja moja moja kwenye glasi, nitazame kama lina damu. Jiko aliliwasha yeye mwenyewe, ingawa mikono ilimtetemeka, maana chakula lazima kiwe na mkono wa Myahudi, na kwa desturi ya kwao kuwasha moto kunatosha.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa nakoroga supu ya ng'ombe ya Sabato, sufuria ya lita nne hivi, huku pembeni nikijichemshia chai ya maziwa. Nikainua kijiko nionje sukari. Tone likadondoka katikati ya supu. Nililiona jeupe kati ya macho ya mafuta, kisha mwiko ukalipitia, likapotea.

Hakuna aliyeona. Bibi alikuwa sebuleni akipanga mishumaa ya Sabato, na jua likizama Sabato imeingia, hashiki tena simu. Nikamkumbuka nyanya yangu: mtu angemlisha haramu kimyakimya, ningemsamehe? Nikaenda nikamwambia.

Hakunikaripia. Alimpigia rabi, mwalimu wao wa dini, akanipa simu. Rabi aliuliza taratibu, kama daktari: tone liliingia ndani au liligusa ubavu wa sufuria? Supu ilikuwa ya moto? Ulikoroga papo hapo? Ni moja tu? Nilijibu huku mdomo umekauka. Akasema maziwa hayo hayafiki hata sehemu moja ya sitini ya supu. Iliwe, na sufuria haina neno.

"Asante kwa kuniambia kabla ya mishumaa," bibi akasema, akanishika kiganja.

Usiku ule alikula bakuli mbili. Ijumaa iliyofuata aliniwashia jiko la nyuma, mbali kabisa, kwa ajili ya chai yangu, na supu nikaifunika.