Bakuli la pho mtaani Kirumba

Mkahawa wenyewe ni mdogo, una meza chache za plastiki, na uko Kirumba, jijini Mwanza, ambako harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni husambaa mchana kutwa. Hata hivyo, anayeingia ndani hupokewa kwanza na mdalasini, karafuu na tangawizi. Hapo ndipo nilipokula pho, supu ya tambi za mchele iliyoanzia kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20.

Kinachostahili kusifiwa ni mchuzi. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi juu ya moto mdogo, povu likienguliwa kila linapopanda, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa kwanza, na matokeo yake ni mchuzi mwangavu ambao ladha yake ni nzito kuliko unavyoonekana. Nyama mbichi iliyokatwa vipande vyembamba sana hupangwa juu ya tambi, kisha huivishwa na mchuzi huohuo unaomiminwa ukiwa unatokota. Supu yetu ya asubuhi, ile ya kuliwa na chapati, ina undugu nayo, kwa kuwa huko Hanoi pia pho ni chakula cha asubuhi.

Ndimu, pilipili na majani mabichi huletwa pembeni, kwa mtindo wa kusini mwa Vietnam. Tambi, kwa maoni yangu, zilikuwa zimelainika kupita kiasi. Vijiti nilivikataa nikaomba uma, wala hakuna aliyenishangaa.