Kwa nini Ohio ni miezi 36

Juzi jioni jirani yangu hapa Columbus, Ohio, dada wa Uvira mwenye watoto watatu, kanigongea mlango kashika bahasha ya kaunti. Kwenye barua kuna mstari ameupigia peni mpaka karatasi inakaribia kutoboka: keshi, yaani ile hela ya msaada ya kila mwezi, inakatwa mwisho wa mwezi, ametimiza miezi 36. Akaniambia kaka, mdogo wangu yuko jimbo lingine, kwao wanahesabu miaka mitano, na hela si inatoka serikali kuu ya Washington hiyohiyo, sasa mimi kosa langu nini?

Hana kosa lolote. Nikabandika chai tukakaa mezani na nikamweleza kama ninavyowaeleza nyie hapa, maana watu wetu wengi wanadhani ni afisa tu kawachukia.

Zamani jimbo likimlipa mama mwenye shida, Washington nayo inachangia, wakiongezeka wenye shida na hela inaongezeka. Agosti 1996 Rais Clinton akasaini sheria mpya, ikaja TANF, ndiyo programu ya hiyo keshi kwa familia zenye watoto, na kuanzia hapo kila jimbo likawa linapewa fungu lake, basi. Mafungu yote pamoja ni kama dola bilioni 16.5 kwa mwaka na mpaka leo ni karibu ileile, wakati kodi ya nyumba na bei ya pampasi za 1996 sote tunajua ziko wapi sasa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Washington inasema hela yake isilipe familia zaidi ya miezi 60 (wachache tu wanaweza kuongezewa), ila jimbo likitaka kukata mapema ruksa. Ohio ikachagua 36. Arizona ni 12, kuongezewa ni kwa masharti! Na matumizi yenyewe yameachwa wazi sana, sheria ina malengo manne, mojawapo ni kuhimiza ndoa, kwa hiyo jimbo linaweza kupeleka hela kwenye mambo mengi na ikahesabika ni sawa, ndo maana nchi nzima kinachofika mkononi kwa mama kama keshi ni kama robo tu hivi. Mississippi wakaguzi walikuta zaidi ya dola milioni 70 zimetumika vibaya, milioni 5 zilijenga uwanja wa voliboli chuoni, na kujenga majengo kwa hela hiyo sheria inakataza kabisa. Miaka hiyohiyo mama mwenye watoto wawili kule alikuwa anapata dola 170 kwa mwezi, hapo ndo mwisho. 170 jamani.

Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haiko hivyo. Pale Washington inalipa angalau nusu ya gharama, majimbo maskini inawalipia zaidi, na wagonjwa wakiongezeka hela inafuata. Fudstempu nayo, ule msaada wa kununulia chakula, chakula chenyewe mpaka sasa analipa Washington chote, ila sheria ya Julai 2025 inasema kuanzia Oktoba 2027 jimbo lenye makosa mengi ya malipo (kulipa watu zaidi au pungufu), asilimia 6 kwenda juu, litachangia kati ya asilimia 5 na 15. Mimi naona kitakachotokea ni ofisi kuogopa makosa na kuanza kudai pei slipu na barua za mwenye nyumba kila saa, na anayeshindwa kusoma Kiingereza ndiye atakayeanguka wa kwanza. Naomba tuanze kujipanga sasa, tusingoje barua.

Basi yule dada akauliza, na Medicaid ya watoto inakatika? Nikamwambia hapana, hiyo ni programu nyingine, miezi 36 haiigusi, na fudstempu pia ina hesabu yake. Akashusha pumzi, chai imeshapoa. Halafu tukageuza barua nyuma, kumbe ndiko walikoandika jinsi ya kuomba kusikilizwa ukipinga uamuzi, na siku za mwisho za kuomba, na Ohio wenye shida kubwa wanaweza kuongezewa muda lakini lazima uombe mwenyewe, hakuna atakayekuja kukuuliza. Jumatatu saa mbili asubuhi tunaenda wote, nimemwambia abebe barua zote za kaunti tangu afike tuhesabu wenyewe hiyo miezi, mmoja mmoja.