Nipeleke barabara ya 12

Jumamosi ile ya Aprili 2018 nilikwenda shingo upande. Ukialikwa semina ya bure hapa Tanga, ujue saa nne utaonyeshwa kopo la virutubisho, na saa sita utatakiwa ulete watu wawili wakae chini yako. Lakini aliyenialika nilikaa naye dawati moja shuleni, akaniapia kwamba hakiuzwi kitu: ni watu wa kanzidata, yaani mifumo ya kuhifadhi data kwenye kompyuta, wanafundishana, kila msemaji kaja kwa nauli yake. Mtindo wenyewe ulianzia Florida, Marekani, mwaka 2007, kwa jina la SQL Saturday (SQL ni lugha ya kuulizia kanzidata), na wao walikuwa wameuiga tu.

Nilikuwa na langu moyoni. Ghala la vifaa vya ujenzi nilikoajiriwa lilitumia programu ya mauzo niliyoiandika mwenyewe, na ripoti ya mwisho wa mwezi ilichukua dakika 38. Unabonyeza, unatoka, unakunywa kahawa na kashata, unarudi, bado. Mwaka mzima nilimlilia bosi kwamba mashine imechoka. Indeksi, ile orodha iliyopangwa ya kuiwezesha mashine kufika kwenye data bila kupekua yote, nilishaiweka kwenye tarehe za mauzo, tena nikijisifu nayo.

Tulikuwa kama arobaini kwenye darasa la kuazima, mvua ya masika ikipiga bati. Msemaji wa kwanza alitueleza habari za Edgar Codd wa IBM na makala yake ya 1970, ambayo majedwali yetu yote yametokana nayo. Nilisinzia. Wa pili alikuwa dada mmoja aliyekuja na basi la Dar jana yake. Hajamaliza kuunganisha projekta, umeme ukakatika. Akachukua chaki.

"Nani mwenyeji wa Ngamiani?"

Nikanyoosha mkono.

"Kaka, ukimwambia dereva wa bajaji akupeleke barabara ya 12, ataanza kusimama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiuliza kama ndiyo?"

"Ana wazimu?"

Watu wakacheka.

"Haya, mwambie hivi: nipeleke barabara ambayo namba yake ukizidisha kwa mbili, ukajumlisha tatu, unapata 27."

Kimya. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Huyo atakushusha, mwanangu."

"Asiponishusha, mzee wangu, itabidi asimame kila barabara apige hesabu. Namba zipo, tena zimepangwa vizuri, ila mimi nimezifungia ndani ya hesabu." Akageukia ubao, akaandika: YEAR(tarehe) = 2018, yaani chomoa mwaka kwenye kila tarehe, ndipo uone kama ni 2018.

Mwili ukanisisimka. Mstari ule ulikuwa wangu, herufi kwa herufi, na chini yake kwenye programu yangu kulikuwa na ndugu yake, MONTH(tarehe) = 3.

Wakati wa chai na vitumbua nilimfuata na kompyuta yangu, yenye nakala ya data na betri asilimia 19. "Tanguliza EXPLAIN, mashine ituonyeshe inavyotafuta," akasema. Nikatanguliza. Chini ya key, panapokaa jina la indeksi inayotumika: NULL, yaani hakuna. Chini ya rows, yaani safu za kusomwa: zaidi ya laki sita. Hakunicheka, namshukuru hadi leo. "Mashine haina kosa, kaka. Unaisomesha daftari zima." Akafuta mistari yangu miwili, akaandika tarehe iwe kuanzia 1 Machi na iwe kabla ya 1 Aprili. Tukatazama tena: jina la indeksi yangu likajitokeza, safu zikabaki elfu ishirini na kitu. Akabonyeza. Sekunde mbili hazikufika.

Nilimuuliza nimlipe nini. Akasema nimtafutie bajaji ya kumfikisha stendi ya Kange, basi lisimwache. Waja leo waondoka leo, ndiyo Tanga yetu.

Jumatatu niliwahi kazini, nikabadilisha mistari ile, ripoti ikatoka kabla sijakaa sawa kwenye kiti. Nikawa napanga jinsi ya kumwambia bosi. Mlango ukafunguliwa, vijana wawili wa ghalani wameshika boksi kubwa, yeye nyuma yao anatabasamu.

"Haya fundi, ile mashine uliyoililia imefika. Ifunge."

Nikaenda kutafuta kisu cha kufungulia boksi.