Machela Isubiri

Mgonjwa alikuwa mkulima wa viazi, mtu wa makamo kutoka vijiji vya milimani huko Mbeya. Utumbo ulikuwa umejisokota, tumbo limejaa kama ngoma. Daktari wa upasuaji alimaliza kushona kabla ya alfajiri, akavua glovu, akaenda kuandika ripoti. Sisi wa usingizi bado tulikuwa na kibarua. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Aliyenisimamia alikuwa muuguzi wa usingizi aliyekaribia kustaafu, ambaye watu wote pale, madaktari wakiwemo, walimwita Mama.

Mtu aliyeingia na tumbo la namna ile hatolewi mrija wa kupumulia uliopita kooni akiwa bado kwenye usingizi mzito. Akitapika, matapishi yanaishia mapafuni. Sharti aamke kwanza, aweze kukohoa na kumeza mwenyewe. Mama alimchoma neostigmini pamoja na atropini ili kuondoa nguvu ya dawa ya kulegeza misuli, akampa oksijeni tupu, akasubiri.

Kisha akaipima misuli kama imepata nguvu. "Baba, inua kichwa. Kishikilie hapo hapo."

Kichwa kiliinuka kidogo, kikaanguka. Dada mmoja wa chumba cha upasuaji akauliza kama alete machela. "Machela isubiri," Mama akasema, wala hakugeuka. Muda ukapita, akamwambia tena. Safari hii alikishikilia, sisi tukihesabu hadi sekunde 5.

Wakati ule palikuwa na mtindo, na mpaka leo nauona huku na kule: mtu anapitisha mpira wa kufyonza ndani ya mrija, anawasha mashine, kisha anavuta vyote viwili kwa mpigo. Makohozi yanatoka, sikatai. Lakini mashine haichagui. Inafyonza na ile oksijeni uliyohangaika kuijaza. Mgonjwa anabaki na akiba ndogo kabisa kifuani, na ndiyo dakika ambayo koo hupenda kubana.

Mama hakuutaka mtindo huo hata kuusikia. Alifyonza mdomo na nyuma ya koo mapema, akauweka mpira pembeni. Akampa tena oksijeni. Kisha akashika mfuko wa mashine ya usingizi, akaniambia niweke sirinji kwenye puto la mrija, lile linalojazwa hewa ili kuziba nafasi kati ya mrija na koo. Akabinya mfuko taratibu mpaka nikaona kifua kimepanda. "Sasa." Nikanyonya hewa ya puto, yeye akavuta. Kitu cha kwanza alichofanya yule baba ni kukohoa kwa nguvu kuelekea nje, na makohozi yote yaliyokuwa yamekaa juu ya puto yakaishia kwenye aproni yangu. Mama akacheka. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba mapafu yalitoka yakiwa yamejaa.

Oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, ilisoma asilimia 97. Tulipoondoa barakoa ya oksijeni ili kumhamishia kwenye machela, mlio wa oksimita ukaanza kuwa mzito. Hicho ndicho kipaji cha kifaa kile: oksijeni ikishuka na sauti inashuka, kwa hiyo unajua hata kama umekipa mgongo. 93. 90. 88.

Hapo linalofikiriwa kwanza ni koo kubana au ulimi kurudi nyuma. Mama alirudisha barakoa, akainua taya, akainamisha sikio karibu na mdomo. Hapakuwa na mluzi wala mkoromo. Kifua kilikuwa kinakwenda, ila juu juu tu.

"Anaogopa kidonda," akasema.

Kweli, mshono ulikuwa umepita katikati ya tumbo kutoka juu hadi chini ya kitovu. Kila akitaka kuvuta pumzi ndefu maumivu yanamkatiza, na sehemu za chini za mapafu zinabaki zimesinyaa. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa yenyewe haikupi ziada ya kuchezea. Tukamwinua kichwa na mgongo, Mama akampa mofini kidogo kidogo kwenye mshipa huku akihesabu pumzi zake, asije akalala tena. Namba ikasitasita, maana ya kidoleni siku zote huchelewa, kisha ikapanda hadi 95. Akaenda wodini na mtungi wa oksijeni pembeni ya machela. Bila mtungi Mama alikataa asitoke mlangoni.

Asubuhi tulipompitia, hakulalamikia tumbo.

"Koo hili," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "nani alinikaba usiku?"

"Ni mimi, baba. Pole," Mama akajibu.

Mchana alifika 93 bila msaada, akabaki hapo hapo. Mashine ya oksijeni aliyokuwa akiitumia wodini tukaisukuma hadi wodi ya watoto, walikokuwa wameiulizia tangu saa mbili.